Nimepimwa Mafuta Mahali Patatu Nairobi, Narudi kwa Koleo

Asubuhi nauza jinzi za mitumba Gikomba, jioni napigana ndondi. Yeyote aliyewahi kununua beli anajua ninachotaka kusema kuhusu mizani. Beli ni kilo 45, hilo halina ubishi, lakini ukishakata mikanda unaweza kukuta kamera tupu, yaani nguo safi za daraja la kwanza, ama ukakuta fagia, mabaki ya kumwaga chini na kuita watu kwa shilingi hamsini hamsini. Kilo ni zilezile.

Na bado kwa miaka minne nilikuwa napanda mizani ya klabu kila Ijumaa, Kocha anaandika nambari kwenye daftari lake, nashuka, navaa viatu. Sikuwahi kuuliza kilo hizo ni za nini. Mwaka huu nikauliza, na jibu limenigharimu. Nimepimwa mafuta ya mwili mahali patatu, kwa pesa yangu ya jinzi, sina udhamini wa mtu. Wasichana wa klabu wananiuliza kila siku waende wapi, kwa hivyo naandika mara moja nisiwe narudia kama mpiga debe.

Chanzo ni uzani. Natembea na kilo 58 na ushee. Kocha alitaka nipigane kwenye 54, kwa sababu kwenye 57 kuna wasichana wawili wenye mikono mirefu ajabu na hataki nikutane nao. Tena kuna hii imani ya mtaani: bondia Christine Ongare alileta shaba ya Jumuiya ya Madola kutoka Gold Coast mwaka 2018 akiwa uzani wa 51, na tangu siku hiyo makocha wanaona medali ziko kule chini kwa wembamba. Basi tunashuka. Tunashuka vipi? Jaketi mbili na mfuko wa nailoni ndani, unakimbia Outering Road saa kumi na moja alfajiri. Maji unasukutua tu. Siku ya mwisho unatafuna PK na kutema mate kwenye chupa hadi taya ziume. Mwaka jana nilitoa kilo tatu kwa siku nne namna hiyo. Mizani ilifurahi, Kocha alifurahi, kengele ikalia, na kufikia raundi ya pili miguu yangu ilikuwa mrenda.

Nikasema kabla sijashuka tena, wacha nijue ninachoshusha.

Nilianzia kwenye jimu moja kubwa kando ya Thika Road, ile aina yenye vioo hadi chooni. Wana mashine ya kusimama juu yake miguu mitupu huku umeshika vishikio viwili. Shilingi 500. Kijana mwenye tisheti ya kubana akaniingizia umri, urefu, jinsia, mashine ikafikiri kwa dakika moja hivi, ikatoa karatasi ya rangi nzuri sana: mafuta asilimia 24.0, misuli kiasi hiki, maji kiasi hiki, na chini kabisa "umri wa mwili: 31". Mimi nina 26. Kabla sijameza hilo kijana ameshanifungulia kitabu cha vifurushi vya wiki kumi na mbili, na nyuma yake naona makopo ya unga wa protini yamepangwa kama rangi za Crown.

Sisi wa Gikomba hatununui kabla ya kugeuza nguo ndani nje. Nikamwomba anipime tena baada ya kitu kidogo. Nikanywa chupa ya lita moja ya maji palepale, nikakaa dakika kumi, nikapanda. Asilimia 25.3. Maji! Nikamwomba kamba na mfuko wa kupiga, nikafanya kazi dakika arobaini, nikajifuta jasho, nikapanda mara ya tatu. 22.7. Kwa saa moja na nusu nilikuwa nimenenepa na kukonda bila kwenda nyumbani. Kijana alicheka, lakini kicheko cha mtu anayetazama kama meneja yuko karibu.

Baadaye nilielezwa sababu, na si uchawi. Mashine inapitisha umeme mdogo sana mwilini, usiousikia, na kupima unavyozuiwa. Msuli umejaa maji na chumvi, umeme unapita. Mafuta hayana maji mengi, umeme unakwama. Kutokana na kukwama huko mashine inakisia mafuta. Sasa ukinywa lita moja, maji yako bado tumboni, umeme hauyaoni, lakini mizani imeyaona: kilo moja imeongezeka na haijulikani ni ya nini, basi mashine inaiandika kwenye mafuta. Ukitoka mazoezini ngozi ina joto na damu imejaa juu juu, umeme unapita mteremko, mashine inakuona umekauka. Ile ya bei nafuu ya nyumbani, ya miguu pekee, ndiyo kabisa: umeme unapanda mguu huu na kushuka ule, kifua na mikono vinakisiwa tu.

Siwezi kusema ni ya kutupa. Ukipanda mashine ileile, asubuhi ileile, hujala, umetoka chooni, hujafanya mazoezi, unaweza kulinganisha mwezi na mwezi. Lakini usiende kwa nyingine ukasema umepungua. Kila kiwanda kina hesabu yake ndani na hakikuonyeshi. Muulize muuza jinzi yeyote: kiuno cha 30 cha Levi's na kiuno cha 30 cha jina usilolijua hutoka beli moja, na kimoja mteja hawezi kukipandisha makalio.

Mahali pa pili palikuwa hospitali ya kibinafsi, kipimo wanachoita deksa. Bei yake ilinifanya nikae chini kwanza; beli ya watoto ingepata mchango mzuri pale. Deksa ilitengenezwa kwa ajili ya mifupa. Unalala chali kwenye meza, mkono wa mashine unapita juu yako polepole, inatumia mionzi ya eksirei ya nguvu mbili tofauti, na kwa kuwa mfupa, mafuta na nyama kila kimoja kinazuia mionzi kwa namna yake, inaweza kuvitenganisha. Mionzi yenyewe ni michache kuliko ya eksirei ya kifua. Haina kelele, haiumi, nilikaribia kulala.

Fundi alikuwa mzee mpole aliyezoea kina nyanya. Aliponiona na suruali ya mazoezi akaniuliza, "Mama yako yuko wapi?" Akidhani nimemsindikiza mgonjwa. Akauliza kama nina mimba, nikasema hapana, akatia alama kwenye kisanduku, tukaendelea. Kumbukeni hicho kisanduku, nitarudi hapo.

Majibu nilisubiri siku sita kwa sababu daktari wa kutia sahihi alikuwa safarini. Mafuta asilimia 22.4. Mkono wa kulia una nyama gramu mia mbili na kitu kuliko wa kushoto, jambo ambalo mfuko wa kupiga ulishaniambia. Hiyo ya kugawa mwili vipande vipande, mkono, mguu, kiwiliwili, ni tamu kwelikweli, na mwanamichezo anayerudi kutoka jeraha la goti, kwa mfano, angefaidika kuona mguu mmoja umebaki nyuma kiasi gani. Lakini hakuna aliyeniambia nije bila kula. Nilikuwa nimeshiba chapati tatu na maharagwe, na chakula na maji vyote vinaingia kwenye hesabu ya "nyama". Na ripoti ilinisomea mifupa kwa kipimo kinachotumika kwa akina mama waliokoma hedhi. Nilikuja kuambiwa kwamba msichana wa umri wangu hulinganishwa na wenzake wa umri huohuo, kuna safu nyingine kabisa ya hiyo, na ilikuwa palepale kwenye karatasi bila mtu kuitaja. Kwa bei ile, mtu angenisomea karatasi.

Sasa mahali pa tatu, Ngara.

Niliambiwa na mteja, mkimbiaji wa mita 800, ambaye kila jinzi ninayomtolea inamtosha kiuno na kumkwama mapajani. Akasema kuna Madam fulani anapima kwa koleo. Jina la Madam siandiki. Ana kazi nyingine mchana na hataki foleni mlangoni. Ghorofa ya nne, jengo la zamani, chini kuna maduka ya vitambaa. Lifti ina kadi imeandikwa MBOVU na kadi yenyewe imeshapauka kwa jua. Panda ngazi.

Jioni ya kuamkia siku hiyo unatumiwa ujumbe: usifanye mazoezi asubuhi, njoo na kaptura na sidiria ya michezo, usijipake mafuta. Hilo la mwisho nililisoma nikaona ni la watu wengine. Mkenya gani anatoka nyumbani na magoti meupe? Nikajipaka Vaseline yangu kama kawaida. Madam alishika nyama ya nyuma ya mkono wangu, ikamponyoka. Akashika tena, ikamponyoka. Akaniangalia juu ya miwani. "Mamii, ulisoma ujumbe?" Nikapewa pamba na spiriti, nikajifuta kila sehemu kama ninayeandaliwa kuchomwa sindano, naye ananisubiri huku akitazama saa ya ukutani kwa makusudi.

Nilivyofikiri ni kwamba atanifinya hapa na pale na kusoma. La. Kwanza ni tepu na kalamu. Anatafuta kwa kidole ncha ya mfupa wa bega, anaweka alama. Anatafuta kiungo cha kiwiko, anaweka alama. Anapima katikati kabisa, anachora msalaba. Hivyo hivyo mgongoni chini ya bapa la bega, mbele ya mkono, juu ya nyonga mara mbili mahali tofauti, kando ya kitovu, mbele ya paja, na ndani ya shavu la mguu. Sehemu nane, zote upande wa kulia, hata kama wewe ni wa mkono wa kushoto. Ni utaratibu wa chama cha kimataifa cha wapimaji miili kiitwacho ISAK, kilichoanzishwa 1986, na ana cheti chao ukutani kikiwa kimeinama kidogo. Nilipomaliza kuchorwa nilifanana na kitambaa kwenye meza ya fundi kabla hajakikata.

Ndipo koleo likatoka. Jina lake halisi ni kalipa, lake ni la chuma, Harpenden, zito kama kufuli la kontena. Springi yake inabana kwa nguvu ileile iwe mkunjo ni mwembamba ama mnene, gramu kumi kwa kila milimita mraba, na hapo ndipo linapotofautiana na yale ya plastiki ya mtandaoni yanayobana kulingana na siku yako. Anakunja ngozi na mafuta kwa kidole gumba na cha shahada, anaiinua kutoka kwenye msuli, anaweka koleo sentimita moja kando ya vidole, anaachilia, anahesabu sekunde mbili kimoyomoyo, anasoma. Akisubiri zaidi mafuta yanazidi kubonyea na nambari inashuka. Akishamaliza sehemu zote nane anarudi mwanzo na kuzunguka tena, bila kupima sehemu moja mara mbili mfululizo, ili mkono wake usikumbuke. Zikipishana sana anazunguka mara ya tatu.

Hapa nina malalamiko. Ana msaidizi, kijana wa kiume anayeketi upande wa pili wa pazia na kuandika. Ili wasikosee, Madam anasema nambari na kijana anairudia kwa sauti. "Tumbo, kumi na nane pointi mbili." "Tumbo! Kumi na nane pointi mbili!" Na kwenye benchi nje wameketi wachezaji wawili wa raga wanaosubiri zamu. Pazia lenyewe halifiki chini. Nimemwambia Madam, naye akasema kosa la kuandika ni baya kuliko aibu. Sikubaliani naye, aweke mlango.

Jumla yangu ilitoka milimita 104. Sikuona asilimia popote kwenye karatasi nikadhani amesahau. Nikamuuliza. Akasema akitaka ataniandikia, lakini itakuwa makisio juu ya makisio. Kutoka milimita unatumia fomula kupata uzito wa mwili kwa ujazo wake, halafu unatumia fomula nyingine, ya Siri ya 1961, kugeuza hiyo kuwa mafuta. Na hiyo ya pili inachukulia kwamba nyama na mifupa ya kila binadamu ina uzito uleule kwa ujazo, wa bondia na wa karani. Fomula moja ya kwanza inayotumika sana, ya 1974, ilitokana na watu waliopimwa Glasgow. "Umewahi kufika Glasgow?" akaniuliza. Sijawahi kufika hata Lamu. Akasema waliopimwa mafuta yao kwa hakika kabisa ni maiti ishirini na tano waliopasuliwa Brussels na kupimwa kipande kwa kipande, kazi iliyochapishwa 1984, na hao hawana pambano. Sisi wengine tunakisiwa. Basi afadhali abaki na milimita, kitu alichokishika kwa mkono wake, na tuangalie zinapanda ama zinashuka.

Nilisisitiza, maana Kocha angetaka asilimia. Akaandika kwa penseli: kati ya 19 na 23. Safu, si nambari moja. Ukiangalia, jimu na hospitali wote wako karibu na humo, isipokuwa wao walikuwa na uhakika hadi nukta.

Kisha akaweka kalamu chini na kuniuliza, "Siku zako uliziona lini mara ya mwisho?"

Nikaanza kuhesabu na kidole. Hiyo ilikuwa Machi. Novemba, nikasema. Labda mwisho wa Oktoba.

"Na Kocha anajua?"

"Madam, Kocha ni mwanamume."

Hakucheka. Akaniuliza nakula nini siku ya soko, nikamwambia ukweli: chai saa kumi na moja, mahindi ya kuchoma saa saba, ugali kidogo na sukuma usiku nikiwa nashusha uzani. Akaniuliza naruka, nakimbia na kubeba mizigo kiasi gani. Halafu akaeleza kwa lugha yangu. Duka likikosa mauzo, akasema, unafunga kwanza vile vibanda usivyovihitaji kuishi leo. Mwili hivyo hivyo. Ukitumia nguvu nyingi kuliko unachokula kwa miezi, unafunga kizazi kwanza, kisha unaacha kukarabati mifupa, na mifupa haipigi kelele hadi ivunjike. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliupa mkusanyiko huo wa matatizo jina mwaka 2014, na wanaume pia unawapata, ila wao hawana kalenda ya kuwaonyesha. Akataka kuona ile karatasi ya deksa niliyokuwa nayo kwenye simu, akaenda moja kwa moja kwenye safu ambayo hakuna aliyenisomea. Mifupa iko sawa, bado. Akaniandikia barua ya kupeleka kliniki ya wanawake na akakataa kabisa kunipa lengo la mafuta la kushukia. "Rudi ukiwa umeonwa," akasema.

Yaani mashine mbili zilinichungulia hadi mifupani, ya kwanza haikuuliza, ya pili ilitia alama kwenye kisanduku. Mwenye kifaa cha zamani kuliko vyote ndiye aliyeniuliza. Kwa hilo tu ningempa nyota zote, pazia na yote.

Mara ya pili nilimpeleka Kocha. Alipanda zile ngazi akilalamika kila ghorofa, na alipofika juu hakuwa na pumzi ya kugombana, jambo lililotusaidia. "Nimefundisha mabondia kabla huyu hajazaliwa," akaanza. "Najua, Mwalimu, karibu uketi," Madam akamjibu, akamwekea chai, kisha akamwekea hesabu. Huyu ana kilo 58.4. Tuchukue safu ya chini, 19: mafuta ni kilo 11 hivi, kilichobaki kilo 47 na kidogo ni nyama, mifupa, maji. Ukimpeleka 54 bila kupoteza hata kipande cha msuli, atabaki na mafuta ya asilimia 12. Kwa mwanamke hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa ya lazima ili mwili ufanye kazi. Tukichukua safu ya juu, 23, atabaki na 17 na uhai. Wewe Mwalimu uko tayari kubahatisha yuko upande gani? Ukimweka 57, atakuwa kati ya 17 na 21, na misuli yake yote iko naye.

Kocha akasema tangu zamani watu wanapimwa kwa kilo. Madam akamwambia habari ya 1942: Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini la Marekani, na mwenzake Welham walipima wachezaji 25 wa kulipwa wa kandanda ya Kimarekani kwa kuwazamisha majini. Kwa jedwali la urefu na kilo, 17 kati yao walikuwa wanene mno, hawafai hata jeshini. Walipozamishwa wakaonekana wengi wao hawana mafuta ya ajabu, ni nyama. Kisha akamwambia ya 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani waliokufa ndani ya mwezi mmoja na siku chache wakikata uzani kwa jasho, na kwamba baada ya hapo vyuo vile viliweka sheria: mwanamieleka hapangiwi uzani kabla ya kupimwa mafuta, na wapimwe wakiwa na maji mwilini. Kocha alizungusha kikombe. "Wanaume asilimia ngapi?" Tano, akaambiwa, chini ya hapo hashuki. Hakusema kitu hadi tulipofika Globe, akaniambia, "Utapigana 57, lakini usiniambie mikono yao ni mirefu."

Nilipigana 57. Mikono yao ni mirefu. Nilipoteza kwa pointi, lakini raundi ya tatu ndiyo niliyoshinda, na sijawahi kushinda raundi ya tatu maishani.

Nambari zenyewe baada ya wiki kumi na moja: kilo 57.1, milimita 88. Kwa mizani ya klabu ni kilo moja pointi tatu tu, jambo la kukatisha tamaa. Kwa koleo milimita kumi na sita zimeondoka, nyingi tumboni na mapajani, na mzunguko wa paja haukupungua, maana yake nyama iko. Na nilikuwa nakula zaidi, githeri saa nne na maziwa jioni, kwa ushauri wa kliniki. Mwezi wa Mei siku zangu zilirudi, nikiwa katikati ya kufungua beli. Sikujua kama nifurahi ama nitafute choo.

Mabaya ya Ngara, mbali na pazia: anapima Jumanne na Alhamisi pekee, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na mimi ndizo saa zangu za mauzo. Mikono yake ni baridi, Julai ni mateso. Karatasi ni ya mkono. Picha ya WhatsApp inakuja jioni ya siku ya pili ukikumbusha. Na huduma nzima inategemea mkono mmoja. Wiki ya tano Madam alikuwa safarini, kijana wa pazia akanipima yeye, baada ya kuniuliza kama nataka mwanamke awepo, nikamwita dada wa dukani chini. Ikatoka 101. Nilirudi Gikomba nimenuna, siku nzima nikiuza kwa hasira. Wiki iliyofuata Madam akapata 90. Akatazama alama za kijana na kuona ya paja aliiweka juu mno na ile ya tumbo karibu sana na kitovu. Sentimita moja tu kando na unashika nyama nyingine. Jioni hiyo M-Pesa ikalia, shilingi 1,000 zangu zimerudi, sikuziomba. Kijana sasa anarudia mafunzo kwa kumpima mlinzi wa jengo.

Bei: 1,500 mara ya kwanza, 1,000 kila ukirudi. Asisitize mtu kwenda kila wiki. Yeye mwenyewe atakufukuza, anasema chini ya wiki nne hakuna cha kuona. Yule anayetaka kujua hali ya mifupa aende deksa, akiwa hajala, na karatasi aisomewe na mtu anayeielewa. Ile ya Thika Road nenda ukipenda karatasi za rangi.

Alhamisi hii nampeleka msichana mwingine wa klabu, ana miaka kumi na tisa, uzani wa 50. Kocha ndiye aliyetoa ile 1,500, akanipa imekunjwa kidogo kidogo asionekane. Nimemwambia msichana asijipake mafuta. Nimemwambia mara tatu. Nimeshaweka pamba kwenye mkoba.